Lile Neno la Ngazi ya Nane

Kama una mtoto aliyerudi kutoka mikononi mwa watu waliomtesa, na sasa yuko nyumbani kwako, anakula chakula chako na hakuambii kitu, soma haya kabla hujafanya lolote. Mimi sikuwa na mahali pa kuyasoma. Niliishia darasa la saba, na kazi yangu ni udobi. Ninachoandika ni kile nilichokifanya kwa mikono yangu hii miwili, mmoja ukiwa hauna nguvu sawasawa tangu siku nitakayokueleza.

Mwanangu ni mrefu, na mtaa mzima unamwita Mrefu, hata mimi. Alikuwa dereva wa lori la unga. Vita vilipoanza alisema ataendesha safari mbili tu za mwisho, maana watu wanakula hata vitani. Safari ya pili akakamatwa kwenye kizuizi na watu wenye bunduki. Walitaka kujua ule unga ni wa nani na unapelekwa kwa nani. Yeye hajui. Dereva anapewa karatasi na anaonyeshwa njia, basi. Wakamweka miezi kumi na moja wakimuuliza jambo asilolijua.

Siku aliyorudi nilikuwa naanika. Kwa dobi uwanja wote ni kamba, na siku hiyo nilikuwa na shuka za nyumba ya wageni, ishirini na kitu, nyeupe zote, zinadondosha maji. Nikamwona kasimama getini. Haingii. Nilidhani ananiangalia mimi, nikamkimbilia na povu mikononi. Kumbe alikuwa anaangalia shuka.

Tangu hapo akawa anapita mlango wa nyuma, anazunguka kwa jirani, ili asikatize uani kwangu. Uso hanawi, anajipangusa na kitambaa kikavu mpaka ngozi ikawa inabanduka kwenye paji. Mlango wa chumba chake haufungwi. Nikimletea chai anaichukua, anasema asante. Nikikaa karibu naye nimwonee huruma kidogo kama mama, "Pole, baba, pole mwanangu," anainuka anatoka. Anaacha na chai yenyewe. Nikasema labda ananiona nimezeeka, nanuka sabuni. Nikazidisha upole. Nikawa namfuata mpaka kizingitini na ile pole yangu, naye anaondoka haraka zaidi.

Nesi mmoja ninayemfulia ndiye aliyenielekeza. Nyuma ya hospitali kuna kliniki ya watu waliopitia mateso, ya mshauri mmoja wa kike. Siku ya kwanza nilimpeleka mwenyewe. Nilitegemea koti jeupe, kipimo, sindano. Nikaona mama wa rika langu, kavaa gauni la kawaida, chumba kina viti viwili, saa ya ukutani na boksi la karatasi laini za kupangusia machozi. Hakumpima hata joto.

Shoga yangu ni fundi cherehani, amepanga chumba cha mbele nyumbani kwangu. Nilimweleza siku hiyohiyo.

"Anampa dawa gani?" akauliza, pini zimejaa mdomoni.

"Hakuna dawa. Wanakaa."

"Wanakaa?"

"Kwenye viti. Saa moja na nusu."

Akatoa pini moja moja akazichomeka kwenye mto wake. "Shoga, kama ni kumkalisha, hata mimi namkalisha. Cheti cha kukaa kinatolewa wapi nikachukue?"

Tukacheka, tukampa jina: Mama Kiti. Nilicheka sana siku hiyo, na nadhani nilicheka kwa sababu nilikuwa na hakika hawezi. Mwanangu aliyeshindwa kuongea na mimi niliyembeba tumboni, ataongea na kiti?

Akaongea.

Jumanne na Ijumaa alikuwa anatoka huko amelowa jasho kama mtu aliyepakua lori peke yake. Lakini baada ya wiki ya tatu akaanza kurudi na maneno. Siyo maneno yangu. Anakaa jikoni anasema, "Mama amesema wiki hii nijaribu kulala na mlango umefungwa."

"Mama gani?"

"Wa kliniki."

"Mimi nilipokwambia ufunge mlango, mbona hukufunga?"

"Wewe hukuniambia kwa nini."

Ni kawaida, najua. Mwanamke mwenye umri wangu kila mtu anamwita mama, hata kondakta. Lakini sikia jinsi alivyolitamka. Mimi tangu arudi alikuwa ananijibu "naam" na "asante", kama mpangaji. Hilo la mama akalipeleka kule, kwenye viti viwili na saa ya ukutani. Nitalitaja jambo hili kwa jina lake, maana nikilificha utadhani nilifanya niliyoyafanya kwa ujinga. Ulikuwa wivu. Nilimwonea wivu yule mwanamke kuliko nilivyowahi kumwonea mwanamke yeyote, na marehemu mume wangu alinipa sababu chungu nzima za kujifunza.

Ijumaa moja nikamsindikiza, nikasema nina shuka za kuchukua hospitali. Nikakaa kwenye benchi la nje. Mlango mnene, husikii neno. Nikawa natazama viatu vya watu. Mara nikasikia mwanangu anacheka. Siyo kicheko kirefu. Ni kile chake cha puani, cha tangu ana miaka sita, kama mtu anayepiga chafya na kubadili mawazo. Nilikuwa sijakisikia kwa mwaka na nusu. Badala ya kushukuru, nikahisi kama nimeibiwa mchana kweupe na mwizi anapita mbele yangu amevaa nguo yangu.

Walipotoka, mzee mmoja mwenye gongo alijikwaa pale kwenye ngazi, gongo likaruka. Mama Kiti akaliokota, akamshika kiwiko, akamuuliza, "Umeumia wapi?" Basi. Hakusema kingine. Nikajisemea, hata adabu hana, mtu mzima ameanguka mbele yake hata pole hampi. Kumbuka hilo gongo, nitalirudia.

Akanigeukia. "Karibu, mama. Mrefu akikubali, ungependa kuingia nasi siku moja? Itasaidia."

Mwanangu alikuwa anaangalia chini. Hakusema hapana.

"Mimi siumwi," nikajibu.

Maneno mawili. Laiti ningeyameza. Kama unasoma haya na umeshaitwa, nenda. Hata kama humpendi. Nenda ukakae kwenye hicho kiti.

Kazi za nyumbani zikaanza. Kila saa nne asubuhi anakaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, anaweka spika masikioni, anafumba macho, anasikiliza simu. Nikamuuliza ni nyimbo gani. Akasema ni sauti yake mwenyewe, anasimulia yaliyompata, Mama wa kliniki amemrekodi na amemtaka aisikilize kila siku mpaka ichakae.

"Ichakae?"

"Kama nguo, mama. Ukiifua sana rangi inatoka."

Mfano wa nguo. Mimi ndiye dobi, halafu mfano wa nguo anapewa na Mama Kiti. Na hadithi yenyewe ikawa inaingia kwenye simu, inaingia kwenye masikio ya yule mama, mimi nimekaa hatua tatu na beseni langu siruhusiwi kujua.

Shoga yangu naye hakulegeza. Hakuwa na ubaya, anapenda tu mambo yakolee. "Anakuchukulia mtoto, shoga. Siku moja utasikia amehamia huko na kikombe chake."

Jumatatu moja niliingia kumwekea nguo zilizopigwa pasi. Ndani ya mlango wa kabati kulikuwa na karatasi imebandikwa, mwandiko wake, kichwa cha habari NGAZI. Chini yake mistari minane, kila mmoja na namba pembeni, kuanzia ishirini mpaka mia. Nilielewa upesi, siyo mjinga. Ni vitu anavyoviogopa, kile kidogo chini, kile kikubwa juu, na namba ni ukali wa hofu. Ya kwanza ilikuwa kusikia maji ya bomba, ishirini. Ya pili, kupita uani nguo zikiwa kwenye kamba. Ya tatu, kushika taulo bichi mkononi. Hizo tatu zilikuwa na alama ya vema, kama ile ya mwalimu. Nikakumbuka kweli, wiki ile alikuwa amepita uani mara mbili, taratibu, midomo inachezacheza, na mimi nilikuwa nimegeuza mgongo kwa hasira.

Nikaendelea kupanda na kidole. Kunawa uso kwa kiganja. Taulo bichi begani. Taulo bichi shingoni. Ya saba: taulo bichi usoni, nahesabu hadi kumi, naliondoa mwenyewe. Tisini.

Halafu ya juu kabisa, ya nane, mia: Mama wa nyumbani kuniambia lile neno.

Nilikaa kitandani kwake na zile nguo mapajani. Nilisoma mara ya pili nikidhani nimekosea. Mama wa nyumbani. Yaani wapo wawili, na huyu wa nyumbani anahitaji kuelezwa ni yupi. Na huyu wa nyumbani amewekwa juu ya taulo, ambalo bila shaka ndilo walilomtesea. Neno gani hilo nililowahi kumwambia? Nikapekua miaka yote. Nilimwita mvivu alipofeli hesabu. Nilimwambia anafanana na baba yake, hilo lilikuwa siku ya hasira. Sikulipata. Ila nilimpata wa kumlaumu. Nikasema ni yule amempandikiza, amemfundisha kuniogopa ili amfanye wake. Mtu hawezi kumwogopa mama yake mia kwa mia mpaka afundishwe.

Sasa sikiliza nilivyofikiri, maana hapa ndipo nataka uogope. Nilisema hivi: mwanangu hakuwa mzito wa akili. Shuleni aliwahi kurushwa darasa, kutoka la tatu kwenda la tano, na akashika namba nne. Huyu Mama Kiti anamburuza ngazi moja wiki mbili ili aendelee kwenda kwake. Kama dawa yenyewe ni taulo, taulo ninayo mimi. Ninazo mia. Kama ngazi ya nane ni mimi, basi nipo, niko hapahapa uani. Nitamrusha madarasa. Nitafanya asubuhi moja kile anachokifanya yeye kwa miezi, halafu Ijumaa nitamsindikiza mwenyewe, nimwambie yule mwanamke asante kwa viti.

Saa nne Mrefu alikuwa kizingitini, macho yamefumbwa, spika masikioni, anasikiliza sauti yake inayosimulia. Nilichovya taulo jeupe, nikalikamua nusu. Nilimjia kutoka nyuma. Nilichomoa spika moja. Nikalitandaza lile taulo usoni kwake, nikalishika kwa viganja vyangu viwili, na kwa sauti yangu yote ya upendo, karibu kabisa na sikio, nikamwambia:

"Pole, baba. Pole, mwanangu. Vumilia."

Sikuona mkono wake ukija. Nilijikuta chini, mkono wangu wa kulia umegonga ukingo wa beseni la bati na umepinda pasipo na kiungo. Lakini siyo maumivu ninayoyakumbuka. Ni sauti yake. Alikuwa anawajibu. Alikuwa anasema sijui, wakubwa, sijui ni wa nani, nilipewa karatasi tu. Alisema hivyo akiwa ananitazama mimi. Kisha akaruka ukuta wa nyuma, mtu mzima mwenye miguu mitupu, akaenda.

Shoga yangu alitoka mbio na kipimio shingoni. "Amekupiga? Mrefu amekupiga?"

"Hakunipiga mimi," nikasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema kitu sahihi mwezi mzima.

Alinipeleka hospitali. Chumba cha plasta kiko upande uleule wa kliniki. Nilipotoka na mkono mzito kama tofali, shoga akaenda kutafuta dawa, mimi nikaenda kugonga ule mlango mnene.

Mama Kiti alikuwa amesimama. "Alinipigia simu," akasema kabla sijafungua mdomo. "Yuko salama. Yuko kwenye gereji ya malori, kwa fundi aliyekuwa anamtengenezea gari."

Nilishukuru Mungu na hapohapo nikachomwa. Alimpigia yeye. Ana mama mwenye simu, kavunjika mkono, na amempigia yeye.

"Kaa, mama," akaniambia, akanionyesha kiti. Nikajua ni kile cha mwanangu, kitambaa cha mkono wa kushoto kilikuwa kimechakaa kwa kushikwa. Nikakaa. Nikamwambia kila kitu, karatasi, taulo, wivu, hata jina tulilompa.

"Mama Kiti," akarudia. Karibu atabasamu. "Hilo limenistahili."

"Usinichekee. Niambie ni neno gani. Nilimwambia nini mtoto wangu mpaka akaniweka mia?"

"Siwezi kukuambia. Ni lake. Siku akitaka, atakuambia yeye."

"Hata leo? Na mkono huu?"

"Hata leo."

Hapo nikavunjika. Nililia kama sijawahi, kamasi na yote, plasta inagonga mkono wa kiti. Nilisema nimemuua mara ya pili. Nilisema mume alinifia, vita vikamchukua huyu, na nilipompata nimemrudisha kulekule kwa mikono yangu. Yule mama alisogeza boksi la karatasi. Alisogeza kiti chake. Alinishika mkono mzima. Alisema, "Niko hapa. Endelea." Lakini lile tunalolisema sote, lile linalotutoka kabla hatujafikiri, hakulisema. Nikainua uso nikamkasirikia.

"Wewe ni mtu wa namna gani? Nalia mbele yako mkono umevunjika, hata pole huniambii?"

Alikunja mikono mapajani akaangalia chini, kama mwanangu alivyoangalia chini siku ile pale penye benchi.

Na mimi nikakumbuka gongo la yule mzee. Huyu ni mtu wa lugha yetu. Amelelewa na neno hilo kama mimi, akijikwaa aliambiwa, akifiwa aliambiwa. Mtu wa lugha yetu hawezi kulisahau hata akitaka, anaweza tu kulizuia. Alikuwa analizuia kwa mzee wa gongo kwa sababu Mrefu amesimama karibu. Alikuwa amelitoa mdomoni mwake miezi yote ile, kwa ajili ya mtoto wangu, mpaka hata mimi nilipoanguka mbele yake halikutoka. Na mimi nimempiga mwanangu nalo asubuhi, mchana na jioni. Nimemfuata nalo mpaka kizingitini.

"Ni hilo," nikasema.

"Siwezi kukujibu, mama," akasema, na sauti yake haikuwa imara.

Nilirudi nyumbani sikumwambia hata shoga yangu.

Mrefu hakurudi kuishi kwangu. Fundi wa malori alimpa chumba kidogo nyuma ya gereji, mahali pakavu, harufu ya grisi. Kliniki aliendelea, lakini yule mama, kwa ruhusa ya Mrefu, alinieleza bila kunificha: zile vema tatu zimefutika. Ameanza tena kwenye bomba. Miezi minne ya kazi niliiondoa kwa kichovyo kimoja. Kila wiki nilikuwa nakaa kwenye benchi bila kuitwa, siku ya Ijumaa tu. Akitoka ananipita. Wiki ya kwanza hakuniangalia. Wiki ya tatu akaangalia plasta. Wiki ya tano mlango ukafunguliwa, akasimama yeye mwenyewe pale, kichwa kinakaribia kugusa juu, akasema, "Ingia."

Waliniwekea kiti cha tatu karibu na mlango. Mrefu hakunitazama alipoongea, aliitazama saa.

"Kulikuwa na mmoja hapigi," akasema. "Wengine walikuwa wanapiga na kutukana. Matusi yao yameshaisha, siyakumbuki. Huyu alikuwa mpole. Ndiye anashika taulo. Kabla hajaliweka anainama hapa, kwenye sikio, ananiambia pole, kaka. Kwa sauti nzuri kabisa. Kama anamaanisha. Halafu anaweka, na mwenzake anamimina maji."

Nilibana midomo. Mwili wangu wote ulitaka kulisema. Ndiyo maajabu ya neno hilo, linakuja lenyewe hata kwa aliyeumizwa nalo. Nililikalia kama mtu anayekalia kifuniko cha sufuria.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza nilipoweza. "Ningenyamaza."

"Ni lako, mama. Unaniambia tangu naanza kutembea. Waliniondolea vitu vingi. Sikutaka na wewe wakuondolee hilo lako." Akavuta pumzi. "Nilisema nitalizoea polepole. Ndiyo maana nililiweka mwisho. Nilitaka nifike nilisikie kwako tena."

Kwa hiyo ile namba mia niliyoisoma kama chuki ilikuwa safari. Mtoto alikuwa anapanda ngazi nzima, anapita kwenye taulo la watu wale, ili afike kwangu. Na mimi nilikimbilia kumsukuma kutoka juu kwa sababu mwanamke mwingine alikuwa ameishika ngazi isianguke.

Sijapona wivu, sitakudanganya. Plasta imetoka, wivu upo. Ila sasa naujua ukianza, unaanzia nyuma ya masikio kama joto, na ukianza naenda kuanika. Nimejifunza kuishi bila lile neno mpaka nitakapoambiwa nilitumie. Ni kazi kuliko udobi. Juzi shoga yangu alijichoma sindano ya cherehani, ikaingia kwenye kucha, nikamshika mkono nikamuuliza, "Umeumia wapi?"

"Si unaona ni kidole," akasema. "Sasa hata pole, shoga? Nimekukosea nini?" Alininunia siku mbili. Nilipomweleza hatimaye, aliacha kukanyaga cherehani. Kisha akasema, "Na mimi nilikuwa namwambia kila akipita hapa dirishani." Hajamwita tena yule mwanamke Mama Kiti.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nafua shuka za nyumba ya wageni. Mkono wangu wa kulia haukamui, na shuka kubwa haikamuliwi na mtu mmoja hata akiwa mzima, inataka wawili, kila mmoja na ncha yake. Nilikuwa nimeifunga ncha moja kwenye nguzo nazungusha kwa mkono wa kushoto, maji yananimwagikia miguuni. Nikasikia geti.

Aliingia kwa mbele. Alipita chini ya kamba, kichwa kimeinama ili shuka zisimguse, ingawa moja ilimgusa begani na nikamwona anasimama. Niliendelea na kazi yangu. Sikusema karibu, nilihofia litafuatwa na jingine. Alifika kwenye nguzo, akaifungua ile ncha, akaishika kwa mikono miwili.

Tukakaza. Yeye anazungusha kulia, mimi kushoto, shuka ikajisokota katikati yetu, maji yakashuka kama mtu aliyefungua bomba. Alikuwa amekunja uso, jasho puani. Aliangalia mkono wangu uliopinda, mdomo wake ukafunguka, nikajua ni neno gani lilikuwa limemjia, maana na yeye ni mtoto wangu. Hakulisema. Akashika karibu zaidi na katikati ili mzigo uhamie kwake.

Nilimsikia anahesabu chini kwa chini. Moja, anavuta pumzi. Mbili, anaitoa. Mimi sikumfundisha kuhesabu hivyo. Mimi nilimfundisha kwa vibanio vya nguo, kwenye kamba hizihizi, kwa kuimba. Ile ilikuwa hesabu ya yule mama wa kliniki, pumzi zake, mwendo wake, uani kwangu, kwenye shuka yangu.

Nikahisi lile joto nyuma ya masikio. Nikakaza ncha yangu, nikaanza kuhesabu naye.